Matanga ya Otuoma Aliye Hai

Benchi letu la Buzuruga, nyuma ya stendi, linakaa watu wanne, na mimi peke yangu nina akili za wawili. Asubuhi hiyo Orwa alikaa katikati, kichwa kimenyolewa kwa msiba, analia na kucheka ndani ya kikombe kimoja cha kahawa. Mdogo wake Otuoma, mvuvi wa dagaa, alipotea ziwani siku tisa. Tukazika tunda la mwegea badala ya mwili, kama wafanyavyo kwao Rorya, na Orwa akamchinja ng'ombe dume pekee wa marehemu, tukala. Jana marehemu akapiga simu: mashine ya mtumbwi iliharibika, alikuwa kisiwani kusiko na mtandao, anarudi leo.

— Unacheka au unalia? akauliza Mashimba, tunayemwita Profesa.

— Vyote. Na hasira ninayo. Nakumbuka yu hai, nashukuru Mungu. Halafu nakumbuka dume.

— Moyo una vyumba vinne, akasema Profesa. Furaha kapanga, hasira kapanga, aibu kapanga, huzuni hajahama. Na choo ni kimoja.

— Uongo, akasema Revocatus, muuza dawa za mifugo, ndiyo maana anaitwa Daktari. Ni ile nyama. Imeliwa kimsiba kumbe ya sherehe, sasa tumboni haijui ishike njia ipi. Mnyweshe dawa ya minyoo ya ng'ombe.

— Mimi kule Magu, nikawaambia, jicho la kushoto lililia wiki nzima, la kulia linacheka. Watu walikuja na baiskeli kunitazama.

— Ulipatwa na nini?

— Mke alinikimbia, akaondoka na mama yake.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Profesa. Ndiyo maana dume alikwisha siku moja.

— Yule dume alikuwa wa mahari, akasema Orwa. Nitamtazamaje mdogo wangu usoni?

Bodaboda ikasimama. Akashuka kijana aliyeungua jua, midomo imepasuka, nywele zake zote kichwani.

— Shikamooni wazee. Kaka, nimepita nyumbani. Dume wangu yuko wapi?

Profesa akachungulia kikombe. Daktari akafunga mkoba wake. Mimi, niliyekula nundu, nikakohoa.

Orwa akafungua mdomo ajibu, kikatoka kicheko, kilio kikafuata. Akamkumbatia hivyo hivyo.

— Kaka, si nimekuuliza?

— Uliza tena, akasema Orwa, kamng'ang'ania. Uliza mpaka jioni.