Jiwe la Nne

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana leo ningekuwa jela, si mbele yenu!

Mimi ni Mama Wanjiru wa hapa Kitengela. Mnanijua kwa mdomo, leo mnijue kwa moyo. Jirani yangu ni Mama Naserian, yule ameketi pale nyuma na shuka nyekundu. Mbuzi wake walikula sukuma wiki yangu mara tatu. Nikilalamika, anacheka tu: "Mbuzi hajui mpaka." Nilimchukia, ndugu zangu! Nilimchukia mpaka chai ikawa chungu.

Kwa ploti yangu kulikuwa na shimo la choo, refu, fundi alilichimba akapotea. Nililifunika kwa bati kuukuu na mawe manne, moja kila kona. Mama Naserian hupita hapo akienda kuteka maji. Basi kila saa kumi jioni, nikiosha vyombo, nilimwona akilini akikanyaga lile bati. Nilisikia hata kishindo chake. Nilifurahia! Pasta akihubiri kwamba kuchukia ni kuua, mimi moyoni nilikuwa nacheka. Serikali inafunga mikono, haifungi mawazo. Sijafanya kitu!

Siku moja kishindo nikakisikia kwa masikio. Nikakimbia nje. Hakuna mtu. Bati limelala vile vile, mbuzi wanakula polepole. Kesho yake, saa kumi, tena! Nikatoka, kona moja haina jiwe. Nikasema ni watoto wa majirani.

Siku ya tatu upepo ulivuma, ule wetu wa vumbi, lakini mlango wa jikoni haukujigonga kama kawaida. Nikaangalia chini. Ndugu zangu, jiwe la nne, lile lililopotea kwa bati, lilikuwa hapo, limeegemeza mlango! Naishi peke yangu. Nikatazama kucha zangu, ziko na udongo mweusi. Sikumbuki! Mpaka leo sikumbuki.

Hapo hapo nikasikia, "Takwenya!" Ni Mama Naserian ananisalimu kwa Kimaasai, amebeba kibuyu cha maziwa, ananiletea mimi, anakuja moja kwa moja kwa kona ile. Kitu ndani yangu kikaniambia: nyamaza tu, kunyamaza si kuua.

Nikapiga kelele, "Yesu!" Ndilo neno pekee lilitoka. Akasimama, mguu juu. Upepo ukainua ile kona isiyo na jiwe, bati likaporomoka shimoni mbele yake, na kishindo kilikuwa kile kile nilichokizoea.

Nilienda polisi kujishtaki. Askari akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akaniambia, "Mama, hatuna kitabu cha kuandika mawazo. Enda ufunike shimo." Alisema kweli. Wazo si jiwe, tofauti ipo, na ninamshukuru Mungu kwa hiyo tofauti, maana ndani yake ndimo Mama Naserian anaishi. Lakini wazo liko na miguu, na mimi nililifundisha kutembea.

Nilimwambia Mama Naserian yote, nikilia. Siku ya tano akaja na mawe yake mwenyewe, tukafunika shimo pamoja.

Lile la nne liko hapa kwa kiondo changu. Wewe uko na mtu unayemuua kila jioni, na mikono yako ni safi? Njoo hapa mbele sasa, Yesu anaweza! Halafu ukifika nyumbani, angalia mlango wako umeegemezwa na nini.