Mamlaka Husika

Boti ya kwenda kijiji cha Mwamgongo ilipoondoka tu Kibirizi, Bibi Melania alimkabidhi barua mzee aliyekaa kando yake, mwalimu mstaafu waliyejuana wakipanda. "Nisomee, Mwalimu. Nilimwandikia Rais mwenyewe, kijiji kipate boti ya kuwahisha wajawazito hospitali. Mbona naambiwa amejibu Brigita fulani?"

"Huyo yuko ofisini kwa Rais, Mama," alisema mwalimu akiipitia barua. "Amejibu kwa niaba ya Katibu."

"Na Katibu?"

"Kwa niaba ya Rais."

"Sasa Rais barua yangu ameiona, hajaiona?"

"Imeonwa kwa niaba yake."

"Ehe! Mume wangu akila kwa niaba yangu, mimi nashiba?"

Nyuma yao Frida, mtendaji mpya wa kijiji hicho aliyekuwa akienda kuripoti, aliuma midomo asicheke. Mwalimu akaendelea: "Suala lako limepelekwa kwa mamlaka husika."

"Anakaa wapi huyo? Binti yangu mimba ina miezi minane."

"Huko juu, nadhani," alisema mwalimu, akilitazama ziwa.

Frida akafungua faili alilopewa asubuhi wilayani. Barua ya juu kabisa ilikuwa nakala ya ombi lile lile la Bibi Melania, ina mihuri ya mkoa na wilaya, na chini kwa kalamu nyekundu: Mtendaji wa Kijiji, shughulikia. Aliisoma mara mbili. Hata meza ya ofisi alikuwa hajaiona.

Injini ikazimwa, boti ikagusa mchanga. Bibi Melania akageuka, akamgusa Frida bega. "Mwanangu, wewe umesoma. Huyo mamlaka husika unamfahamu?"

Mamlaka husika akavua viatu, akatangulia kushuka majini.