Pumzi Moja Kutoka Kiti cha Rubani

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Wale wa nyuma naona bado mnatafuta viti, lakini Yeye asifiwe hata mkiwa mmesimama.

Mimi ni Kazungu wa Mishomoroni, mtoto wa yule mama aliyekaa pale mbele na leso ya kijani. Mama, wapungie mkono. Hataki. Basi. Wengi mwanijua kama yule kijana wa karibu na mlango, anayechekesha watoto wakati wa matangazo. Hata mchungaji nilipomwambia nataka kushuhudia, aliniuliza, "Kazungu, ni ushuhuda au ni mchezo?" Ndugu zangu, ni ushuhuda. Mkiniona nacheka, mjue nacheka kwa sababu niko hai, na wiki chache zilizopita ilibaki kidogo tu leo muwe mwanikumbuka kwa chai na mandazi.

Mimi shule niliishia darasa la nane. Kutoka hapo nimesukuma mkokoteni wa maji, nimeuza mabuyu, nimekamua miwa Magogoni mpaka mashine ikala ukucha wangu, kidole ni hiki hapa. Kila asubuhi mama alikuwa akiamka na kuniombea kazi. Sijui alimwambia Mungu maneno gani, maana jibu lilitokea baharini. Kule upande wa Likoni kuna watu wanaopiga mbizi na wageni, wakivaa ile mitungi ya hewa mgongoni. Walitaka kijana wa kuibeba mitungi. Mimi mgongo ninao. Nikachukuliwa.

Nilipomwambia mama, alikaa kitako. Mama yangu ametoka Kaloleni, bahari aliiona akiwa mtu mzima, mpaka leo hata beseni la kufulia haliamini. Akaniuliza, "Kazungu mwanangu, huko chini kuna nini cha Mungu?"

"Kuna samaki, mama."

"Samaki wako sokoni!"

Lakini alinibariki. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba sana, nikachelewa kazini siku ya kwanza.

Mkubwa wetu kule ni Dada Rukia. Huyu ni mtu wa Likoni wa asili, swala tano, na Kiswahili chake kimenyooka hata ukimsikiza wajihisi umevaa shati chafu. Ndani ya maji hana mfano. Nilibeba mitungi muda, halafu siku moja akaniangalia juu mpaka chini. "We Kazungu, mgongo tumeuona. Sasa tutazame kama na kichwa kipo." Akaanza kunifundisha kuzama.

Sasa ndugu zangu, hapa mnielewe. Sisi watoto wa Mishomoroni na Kisauni yote tumekulia kwenye ule mkono wa bahari, na mchezo wetu ulikuwa mmoja: kuzama na kubana pumzi. Anayekaa chini muda mrefu ndiye mwanamume. Anayetoka mapema anaitwa bibi harusi mpaka jua lizame. Mimi nilikuwa bingwa! Kwa hiyo nilipovalishwa mtungi nikaendelea vile vile. Navuta hewa, naibana, naitumia kidogo kidogo kama sukari ya msiba. Nikitoka majini mtungi wangu bado una hewa tele, nawatambia wenzangu.

Dada Rukia alipogundua, alinivuta sikio mbele ya wageni. "Pumua, we mtoto! Huku hakubanwi pumzi. Sikiza. Hewa unayovuta kule chini imegandamizwa na maji. Ukiifungia kifuani kisha ukapanda, yapanuka. Mapafu yapasuka kama puto, na mama yako akuzike. Ukipatwa na janga ukabakiwa na pumzi moja tu, panda huku waitoa. Sema 'aaaa' mpaka ufike juu. Haya, sema."

Nikamwambia, "Dada Rukia, nikisema aaaa kule chini, samaki si watadhani niko kwa daktari wa meno?"

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. "Haya, cheka. Bahari haina haraka nawe."

Kule nje kidogo, baada ya mwamba, kumelala ndege. Ndege ya vita kabisa, ya vile vita vikuu vya pili, ilianguka bibi zetu wakiwa wasichana. Iko chini kama minazi miwili ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine. Bawa moja limefukiwa na mchanga, jingine liko wazi, limeota matumbawe. Samaki wamehamia humo kama wapangaji wa Bombolulu, kila tundu familia. Kioo cha mahali pa rubani kilishatoka zamani, pamebaki shimo tu na kiti cha chuma. Rubani mwenyewe, hakuna anayejua kwa hakika kama alitoka.

Siku hiyo wavuvi walikuja kutuambia wavu wao umenasa kwenye ndege na kuna kasa anakufa humo. Dada Rukia akasema tukaukate, mimi na yeye. Kanuni ya wapiga mbizi ni hii: wawili mwashuka, wawili mwaonana, wawili mwapanda. Mwenzako ndiye mtungi wako wa pili.

Tukashuka. Maji mazuri, jua lapenya mpaka chini. Kasa tukamkuta hai! Dada Rukia akamkata kamba ya shingo, kasa akaondoka bila hata asante. Halafu Dada Rukia akanionyesha kwa mkono: kaa hapa hapa kwenye bawa, mimi naukata wavu upande wa pili. Akazunguka. Nikabaki.

Ndugu zangu, mimi kukaa bila kufanya kitu siwezi. Nikaangalia lile shimo la rubani. Nikaangalia kile kiti. Nikasema moyoni, mtoto wa Mishomoroni ataendesha ndege lini tena? Nikajipenyeza. Nikakaa. Akapita samaki mmoja mwenye mistari, nikampigia saluti kama jenerali! Nilijicheka mpaka maji yakaingia kwenye miwani.

Halafu nikataka kutoka.

Sikutoka. Kuna kitu kilinishika nyuma ya shingo. Ule wavu, sehemu yake ilikuwa imelala ndani ya ndege, na wakati najipenyeza ulikuwa umejifunga kwenye kichwa cha mtungi wangu. Nikavuta. Nao ukavuta. Nikajipinda kulia, kushoto, nikarusha miguu, na tope la miaka yote hiyo likainuka. Likawa kama uji. Mkono wangu mwenyewe siuoni! Kisu alikuwa nacho Dada Rukia. Nikagonga mtungi kwa jiwe, ngo ngo ngo, nikasubiri. Kimya. Nikagonga tena. Baadaye aliniambia alisikia, lakini majini sauti yatoka pande zote, hujui uende wapi, na tope lilikuwa limemfunika na yeye.

Hofu ikaniingia. Sikilizeni, hofu hula hewa kuliko kazi. Yule bingwa wa kubana pumzi alikuwa ahema kama mbuzi wa Idi. Nikasogeza kipimo cha hewa mpaka kwenye kioo cha miwani. Mshale umelala chini kwenye rangi nyekundu. Na ile hewa ikaanza kuja nzito, kama kunywa uji mzito kwa mrija.

Nikamwona mama. Sikuona malaika, sitawadanganya, nilimwona mama na beseni lake, aambiwa mwanao hajapatikana. Na nikaona kitu kingine. Nikaona kwamba mimi si mtu wa kwanza kuomba juu ya kiti kile.

Nikaomba. Si maombi marefu, mchungaji unisamehe. Nilisema, "Yesu, nitoe." Basi. Na wazo likaja, tulivu kabisa: wewe hujanaswa. Kilichonaswa ni mtungi.

Ndugu zangu! Mtungi ndio uhai wangu kule chini! Nani avua uhai wake auache kwenye kiti? Lakini wavu ulishika mtungi, na mtungi ulikuwa umefungwa kwangu kwa mikanda. Nikaufungua ule wa kifuani. Nikaufungua wa tumboni. Nikautupa mshipi wa vyuma vya uzito. Nikavuta pumzi ya mwisho kutoka kwa kile cha mdomoni, ikaja nusu, nikakitema, nikajisukuma kwa miguu yote miwili kutoka kwenye kiti cha rubani.

Nikatoka kwenye tope. Juu naona mwangaza, mdogo kama kifuniko cha sufuria. Mbali! Na mimi, mtoto wa Kisauni, nikafanya nilichofanya tangu utoto wangu. Nikafunga mdomo. Nikabana pumzi.

Nikaanza kupanda na kifua kikaanza kujaa. Kinajaa chenyewe! Sikuvuta kitu, lakini chajaa, chasukuma mbavu. Na kila kitu ndani yangu chaniambia shikilia, Kazungu, usiachie, hiyo ndiyo tu uliyo nayo, ukiitoa umekwisha.

Nilitaka kumwita Bwana tena. Lakini huwezi kumwita mtu ukiwa umefunga mdomo. Kwa hiyo nikachagua. Nikasema kama ni kufa, nife nikimwita. Nikafungua mdomo, likatoka neno ambalo hapa kanisani mimi husema kidogo kidogo nisisikike: "Haleluyaaaaa!"

Mapovu! Mapovu makubwa kama sahani! Nikangoja hewa iishe. Haikuisha. Nikaendelea, "aaaaa," na ile pumzi nusu, ndugu zangu, pumzi nusu, yatoka, yatoka, na kila nikipanda kuna nyingine nyuma yake. Mwamkumbuka yule mjane wa Sarepta na chupa yake ya mafuta? Amimina na haikauki? Mimi nilikuwa ile chupa! Nilimwimbia Mungu haleluya moja kutoka chini ya bahari mpaka juu, na nilipotoboa maji nilikuwa bado naiimba. Nahodha wa boti yetu alikuwa amekaa anakula kaimati. Aliirusha.

Wakanipandisha, wakaniwekea hewa ya oksijeni usoni. Mimi nalia, nacheka, natapika maji ya chumvi, vyote pamoja. Lakini Dada Rukia hajatoka. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko kule chini, maana nilijua ananitafuta mimi. Nikamwomba Mungu tena: hukuniokoa mimi ili umwache yeye.

Akatoka. Polepole, kama kanuni inavyotaka, na miwani yake imejaa machozi. Tope lilipotulia alikuwa ameuona mtungi wangu umekaa kwenye kiti, kipumulio chaning'inia, na mtu hayupo. Alidhani nimezama tayari. Alipoinua macho akaniona kwenye boti na blanketi, alipiga yowe. Halafu akapanda akanizaba kofi. Halafu akanikumbatia. Akanizaba tena.

"We mtoto! We mshenzi! Wallahi nilidhani nimekuua! Nitamwambia nini mama yako?"

"Naam, Dada Rukia. Nisamehe."

"Ulibana pumzi?"

"Nilibana. Halafu nikaachia."

Akaufuta uso. Nikamwambia ile pumzi ilivyokuwa haiishi, na kwamba ni muujiza. Akatikisa kichwa. "Si muujiza, Kazungu. Ndiyo tabia ya hewa. Ukipanda, maji yapungua uzito, hewa yapanuka, yawa nyingi. Nilikufundisha mapema, wewe ukileta habari za meno."

"Sawa, Dada Rukia. Na hiyo tabia, nani aliyeipa?"

Akaniangalia. Maji yamtiririka kwenye mtandio. "Mwenyezi Mungu."

"Basi tumekubaliana."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Alhamdulillahi," akasema. Na mimi nikasema, "Amina."

Hospitalini daktari alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni mazima, kapumzike nyumbani. Mama nilimwambia mwenyewe, jikoni. Alizima jiko, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu, na mimi nikapiga magoti kando yake, na siku hiyo mimi ndiye niliyeomba kwa muda mrefu. Wali uliungua chini, tukaula hivyo hivyo.

Ndugu zangu, sikuja hapa kuwafundisha kupiga mbizi. Mama ameshatosha kuogopa. Nimekuja kwa sababu nawaona. Nakuona wewe dada, umeshikilia jambo kifuani, usiku na mchana, wasema nikiliachia nitakwisha. Nakuona ndugu yangu wa bandarini, watabasamu nje na ndani mbavu zauma. Hicho unachodhani chakuweka hai, mbona chakujaa hivyo? Mimi nimeshafika huko. Nimefunga mdomo na nusu pumzi na giza chini yangu, na nawaambia kwa uhakika: hatari haikuwa kuitoa. Hatari ilikuwa kuifungia.

Namshukuru Mungu wangu aliye hai. Namshukuru Dada Rukia, ambaye yuko hapo nje kwenye kivuli, amekataa kuingia lakini amenileta kwa pikipiki yake. Namshukuru mama. Na kama kuna mtu leo ataka kuachia, aje hapa mbele, hatutakuuliza ni nini. Wewe fungua mdomo tu umwite. Utaogopa, mimi pia niliogopa. Lakini ita. Wakati wewe watoa, Yeye aongeza.