Wembe Aenda Kupimwa Mkono

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi, na wenye kulikalia hawajui haraka ni kitu gani. Kinyozi wanamwita Wembe. Vidole vya mkono wake wa kulia vinakufa ganzi, na leo mchana anatakiwa hospitali akapimwe mishipa ya fahamu na misuli. Mkono huo ndio unaomlisha yeye, mkewe na mama mkwe. Anaogopa kuambiwa basi, kazi imekwisha. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia asiende, na kwa shughuli hiyo kijiwe kilitosha na kubaki.

— Watakupiga umeme — alisema Shoti, fundi wa nyaya. — Wanakubandika vidude mkononi, wanapiga hapa kwenye kiwiko, wanaangalia unafika kidoleni kwa kasi gani.

— Unauma?

— Kidogo tu. Mimi nimerushwa na nguzo nzima, na si niko hapa nakunywa kahawa?

— Ndiyo maana unaongea hivyo — alisema Tarishi, mstaafu wa kupeleka barua maofisini. — Umeme si kitu. Baadaye wanachoma sindano kwenye msuli wenyewe, mashine ina spika, daktari anausikiliza unavyoongea.

— Msuli unasema nini?

— Kila kitu. Uvivu wako wote. Hata kibao ulichompiga mtu shuleni.

Wembe aliutazama mkono wake kwa mashaka.

— Na ule umeme hautoki — Shoti aliongeza. — Utashika mashine ya kunyolea, itawaka yenyewe.

— Si nafuu hiyo?

— Nafuu gani? Ukishika kichwa cha mteja je?

— Dawa ni kunyoa kwa kushoto — Tarishi aliamua. — Mkono wa kulia utaona wivu, utarudi kazini wenyewe.

Moyo wa Wembe ukatulia kabisa.

— Basi siendi. Kwanza sijaharibu kichwa cha mtu.

— Hata kimoja! — walisema wote wawili kwa pamoja.

Hapo akafika mgeni, begi begani, anataka kunyolewa. Wembe alikwisha kung'uta kitambaa. Mgeni akasita, akawatazama waliokaa.

— Samahani, wakubwa. Kinyozi huyu hapa, na joto ndilo hili. Mbona wote mmevaa kofia?

Shoti alichungulia ndani ya kikombe. Tarishi alikohoa kikohozi kisicho na kazi. Muuza kahawa aliyekuwa kando na birika lake, ambaye hakuwa ameulizwa, alivuta kofia yake ikafika kwenye nyusi.

Wembe akamwendea Shoti, akamvua kofia kwa mkono wa kushoto. Juu ya sikio palikuwa na ngazi, na nyuma kipande kizima cha nywele kilikuwa kimekwenda. Alikikumbuka kichwa hicho. Alikinyoa mwenyewe, akakishikia kioo, na Shoti akasema safi sana, kaka. Aliona uchungu, na aibu, na bado aliwapenda kupita kiasi.

— Tangu lini?

— Tulidhani utapona — alisema Shoti taratibu. — Hatukutaka kukuvunja moyo.

Wembe alimwomba mgeni radhi. Alijaribu kufungua fundo la aproni, vidole vikakataa, Tarishi akainuka akamfungulia. Akashika njia ya hospitali. Shoti akamfuata kichwa wazi, na alipoulizwa anakwenda wapi, alisema anakwenda kushika mkono ule mwingine.