Maisha ya Fundi Seremala Tuliyemwita Mama Mlezi

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi wazazi wa kituo chetu cha kulelea watoto, poleni kwa msiba na poleni kwa jua. Familia imenipa mimi, mke wa mwana wa mwisho wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kama sauti yangu haifiki huko nyuma, naomba mtu aninyooshee mkono.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa fundi baiskeli na mkewe mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1965, akiwa wa kwanza darasani kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, jambo ambalo watoto wa kituo wanaweza kulithibitisha. Mwaka 1966 alipelekwa kwa mjomba wake kujifunza useremala, na kuanzia mwaka 1972 alikuwa na karakana yake nyuma ya soko, akitengeneza madawati, makabati na vitanda, na wengi wenu leo mmeamkia juu ya kazi ya mikono yake.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili. Mama alipendwa na watoto, majirani wakawa wanamwachia wa kwao wakienda kazini, mpaka sebule ikawa haina pa kukanyaga. Halmashauri ilipotangaza kwamba kila anayelea watoto wa watu mchana lazima awe na leseni, mtaa mzima ulicheka, watu wakiulizana tangu lini kulea kukaombewa leseni, lakini baba hakucheka, alitoa futi mfukoni, akapima sebule, akamwambia mama, "Mke wangu, hapa umewapanga kama mbao. Hawa watu wana hoja." Akajenga chumba cha pili, akashusha madirisha yafike kwenye macho ya mtoto, akapandisha komeo la lango lisifikiwe na mkono wa mtoto, akachonga viti vidogo ambavyo mtu mzima akivikalia anapata shida kunyanyuka, na mwaka 2008 mama alipewa leseni.

Mama alifariki tarehe 19 Juni 2012. Leseni ya kituo ni ya mtu, hairithiwi, na watoto kumi na wanane walibaki hawana pa kwenda, hivyo baba, akiwa na miaka sitini na mmoja, alikwenda halmashauri kuomba ya kwake. Afisa wa ustawi wa jamii, ambaye tuko naye hapa na ameniruhusu kulisema hili, alimwambia kwa heshima, "Mzee wangu, hii ni kazi ya mama mlezi." Baba akamwuliza, "Mwanangu, kwenye kanuni pameandikwa mama?" Wakafungua kanuni wakasoma pamoja, mlezi awe na afya njema, mlezi awe amepata mafunzo, mlezi asiwe amewahi kutiwa hatiani kwa kosa dhidi ya mtoto, mpaka ukurasa wa mwisho, na kila mahali mlezi alikuwa mlezi tu, lile neno mama tulikuwa tunaliongeza wenyewe mdomoni. Afisa alipokea maombi, akampeleka kwenye mafunzo ya miezi mitatu ambako alikuwa mwanamume peke yake, akarudi na cheti, na pia na jina, maana vijana wa pale kona walianza kumwita, "Mama Mlezi, shikamoo, leo wamekojoa wangapi?" naye akiwajibu, "Marahaba, wachache kuliko ninyi enzi zenu."

Utani wa vijana haukumsumbua, ila hofu ya wazazi ilikuwa nzito, na wiki ya kwanza nusu ya watoto waliondolewa. Mama mmoja muuza mitumba alisimama langoni, mtoto mgongoni, akamwuliza mbele za watu, "Mzee, humo ndani unakuwa na nani?" Mume wangu alikasirika, akasema, "Baba, wanakuona mtu mbaya." Baba akamjibu, "Kauliza vizuri. Angenyamaza ndiyo ningemshangaa." Kanuni zilitaka walezi wawili, na dada msaidizi alikuwepo kila siku, lakini kuhusu milango hazikusema kitu. Alasiri ile ile aling'oa milango yote ya ndani, akaikata katikati kwa msumeno, akairudisha nusu nusu, ya chini ifungwe mtoto asitoke, ya juu ibaki wazi ili yeyote aliye uani aone mpaka ukutani. Kisha akatengeneza benchi, akaliweka uani, akatangaza kwamba mzazi anayetaka kuchungulia aje saa yoyote bila kupiga hodi, nasi tukaliita benchi la wapelelezi. Muuza mitumba alikuja na furushi lake akakaa asubuhi nzima, kesho yake akarudi, siku ya tatu akamwacha mtoto akaenda kuuza. Kabla mwaka haujaisha nafasi zote zilikuwa zimejaa, na leo halmashauri yetu inadai mlango wa nusu kwa kila kituo. Mchana watoto wakilazwa alikuwa akiwaambia, "Laleni, mlango wa juu uko wazi."

Hakuwa mwepesi wa kubembelezwa. Mwanangu, mjukuu wake wa damu, alisubiri miezi mitano kwa sababu idadi ilikuwa imetimia, mimi nikalia, mume wangu akanuna, naye akasema hewa ya chumba haimjui mjukuu.

Mwaka 2021 kifua chake kilianza kusumbua, madaktari wakasema ni vumbi la mbao la miaka mingi, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, saa ambayo watoto huwa uani wakicheza, alituacha. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekubali mlango wa wodi usifungwe, tunawashukuru mafundi wenzake waliochonga jeneza hili bila kutuuliza kitu, majirani, afisa wetu wa ustawi, dada msaidizi, na wazazi wote, wale mlioamini mapema na wale mliokalia benchi kwanza. Kwa kuwa leseni hairithiwi, kituo kitabaki kimefungwa mpaka tutakapokaguliwa upya, mwombaji safari hii ni mimi, na benchi liko pale pale, njooni mkae.

Pumzika kwa amani, Mama Mlezi wetu. Lala, baba, mlango wa juu uko wazi.