Mafuta Mekundu kwenye Breki za Baba

Ilianza Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, likizo ya Agosti nikiwa kidato cha pili. Saa naijua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imemaliza habari, na kwa sababu niliiandika kwa daftari yangu. Hata haya ninayasoma, ndugu zangu. Nikisimama mbele ya watu bila karatasi, mdomo unakauka. Mnivumilie.

Baba yangu ni daktari wa mifugo. Siku za wiki anapanda pikipiki ya kazi, anarudi Kitengela na vumbi mpaka kwa nyusi. Lakini nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na Benzi ya rangi ya maziwa aliyonunua kwenye mnada. Gari ya zamani, viti vya ngozi, mlango ukifungwa husikii kelele. Majirani walikuwa wanamtania kwa ua: “Daktari, hiyo gari unaiendesha ama unaiabudu?” Baba anacheka tu, anaendelea kuipangusa.

Kila Jumamosi tulikuwa tunaikagua pamoja. Yeye anakaa kwa usukani akikanyaga pedali na kuuliza, mimi niko mbele chini ya boneti nikijibu. Maji? Iko sawa. Oili? Iko sawa. Aliniambia mbele ya wageni, “Huyu ndiye fundi wangu. Hajawahi kunidanganya.” Mimi ni mtu wa kukaa nyuma, darasani hata mwalimu husahau niko. Hayo maneno nililala nayo siku nyingi.

Asubuhi hiyo mafuta ya breki yalikuwa yamepungua. Baba akasema ongeza. Alikuwa anaweka oili zake kwa chupa ndogo zinazofanana, kwa sababu madebe makubwa yanachafua stoo. Nikachukua chupa, nikamimina, ndipo nikaona rangi. Nyekundu. Mafuta ya breki ni ya rangi ya chai nyepesi. Nilikuwa nimeweka oili ya steringi, ile ya kulainisha usukani.

“Breki?” baba akauliza, huku anakanyaga pedali.

Boneti ilikuwa imenificha uso. Nikasema, “Iko sawa.”

Alipoingia kuoga nilichukua sindano yake ya ng'ombe, ile kubwa, nikavuta ile nyekundu yote niliyoiona. Nikapangusa na kitambaa, nikajaza mafuta sahihi. Ukitazama juu, safi kabisa. Lakini wakati wa chakula sikuweza kumeza ugali. Koko, mama yake baba, alikuwa ametutembelea kutoka Kajiado. Akaniangalia akasema, “Huyu mtoto ni mgonjwa.” Nikasema ni joto.

Gari ilikuwa isitoke mpaka Jumapili, baba akimrudisha koko. Nikajiambia niko na wakati. Nikaenda kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Namanga, nikajifanya ninauliza habari za mtu mwingine.

“Mtu akiweka oili ya steringi kwa breki, halafu atoe na sindano, si ni sawa?”

Fundi akatoka chini ya pikapu. “Gari ya nani?”

“Ya mtu.”

“Na huyo mtu alikanyaga pedali?”

“Alikanyaga.”

“Basi huyo mtu asiitoe hiyo gari. Sindano inatoa ya juu tu. Ingine imeshaingia kwa paipu. Raba za breki zinafura kama mandazi kwa chai. Kwanza pedali inakuwa ngumu, halafu magurudumu yanashika moto, halafu unakanyaga na hakuna kitu.” Akanitazama vizuri. “Msichana, huyo mtu yuko wapi?”

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nyuma ya nyumba palikuwa na alama za magurudumu tu.

Mama alikuwa anaanika nguo. “Baba yako ametoka na koko. Ati mbuzi wake anakaribia kuzaa, amekataa kungoja kesho.”

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, hata hapo sikumwambia mama. Nikatoka mbio mpaka dukani kwa mama mmoja Msomali anayeuza vitambaa, kwa sababu alikuwa na simu ya mezani ya watu kupiga. Baba alikuwa amenunua simu ya mkononi mwaka huo, nzito kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Ikalia mara nyingi. Kila ikilia naona lori za saruji na ng'ombe wakivuka barabara. Naona koko amekaa nyuma na shanga zake, anasifu kiti.

“Halo? Nani?”

“Ni mimi.”

“Sema haraka, tumepita Isinya. Kuna nini?”

Nikaiangalia simu. Nilijua nikisema tu, yule fundi wake asiyedanganya amekwisha. Naona aibu kuwaambia, lakini nilifikiria hilo kabla ya kufikiria maisha yao. Ilikuwa kitambo kidogo, lakini nilifikiria.

Mama wa duka akagonga meza. “Abaayo, dada yangu, simu si ya kuangalia! Wallahi, kama kuna kitu, ongea!”

Nikapiga kelele. Mimi, ambaye hamjawahi kunisikia. “Baba, usitegemee breki! Niliweka oili ya steringi! Nilikudanganya! Punguza na gia, usimame!”

Sikusikia jibu. Nilisikia koko akiuliza kitu kwa Kimaasai, halafu simu ikakatika. Tukapiga tena, haiendi. Tukapiga tena. Yule mama akanivuta nikakaa juu ya marobota ya vitambaa, akafunga nusu ya mlango ili watu wasinitazame. Nilikaa hapo zaidi ya saa mbili nikiwa naamini nimewaua. Sikuomba. Nilisahau hata maneno ya kuomba.

Saa kumi na nusu simu ya dukani ikalia. Ilikuwa baba, amefika mahali penye mtandao. Alikuwa ameona pedali imekuwa ngumu tangu Isinya, akadhani ni joto. Niliposema, alipunguza gia moja moja, akavuta breki ya mkono, gari ikapanda changarawe ya murram kando ya barabara na kusimama. Gurudumu moja la mbele lilikuwa linatoa moshi. Mita chache mbele barabara ilikuwa inateremka. Koko alipata lifti ya pikapu ya mbuzi, baba akavutwa na trekta.

Jioni alinikalisha juu ya ndoo, yeye juu ya ndoo nyingine.

“Uliona kosa saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Ukaniambia saa nane.” Akapangusa mikono muda mrefu. “Ungeniambia saa tatu, ningekasirika mpaka saa nne. Halafu tungeosha paipu, tununue raba, tunywe chai.”

Hapo ndipo nililia.

Namshukuru yule fundi aliyeniuliza mtu yuko wapi, na mama wa duka aliyenigongea meza. Namshukuru baba, hasira yake ilikuwa fupi kuliko hofu yangu. Na nyinyi wenzangu wa kukaa nyuma, wenye woga kama mimi: kosa langu lilikuwa chupa moja. Kilichotaka kuua watu ni masaa matano ya kunyamaza. Ukiona rangi si yenyewe, sema hapo hapo, hata kwa sauti mbaya.

Baba hakumwambia koko ni kwa nini gari iliharibika. Alimwambia ni uzee wa gari. Kwa hivyo asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikaenda Kajiado peke yangu. Nilimkuta kwa boma anapangusa kitoto cha mbuzi kilichozaliwa. Nikainamisha kichwa anisalimie, vile mzee wa Kimaasai humsalimia mtoto. Alipoweka mkono wake juu ya nywele zangu, kabla hajautoa, nikamwambia, “Koko, si uzee wa gari. Ni mimi.”