Urefu wa Koti la Paulina

Karibu na stendi ya Korogwe kuna benchi la mbao lililofungwa kwa waya kwenye ukuta wa fundi pikipiki, na mbele yake Mzee Simeo huweka jiko la mkaa na birika la kahawa. Wenye benchi hawakosi. Yupo Mkonge, mrefu na mkavu, mtoto wa manamba aliyezaliwa kambini kwenye mashamba ya mkonge. Yupo Profesa, ambaye shule yake yote ni magazeti ya kufungia vitumbua. Na yupo Theluji, aliyewahi kulinda ghala la samaki wa barafu kule Tanga. Tangu hapo, likitajwa neno baridi, hakuna mwingine anayeruhusiwa kulimaliza. Asubuhi moja ya Julai Valerian aliwakuta wote watatu. Alikuwa ameteremka kutoka Bungu, na sasa alikumbatia makoti mawili ya manyoya, jasho likimtiririka.

– Mzee wa milimani! Mkonge alimpokea. Umeua dubu wawili?

Valerian hakucheka. Aliyalaza makoti kwenye benchi. Moja lilikuwa refu, la kahawia, pana mabegani, la kumfika mtu vifundoni. Jingine jeusi, la kubana, liliishia kiunoni. Bernardo wa mitumba alikuwa amemruhusu aende nayo kivulini ayatazame, achague moja. Mkewe, Paulina, alikuwa na saratani ya tumbo, na hospitali ilikuwa imewaambia wamrudishe nyumbani, wamtunze. Mablanketi hayakumtosha. Kila alipoulizwa anasikia nini, alijibu neno moja: baridi.

– Nisaidieni, ndugu zangu, Valerian alisema. Ni la mgonjwa. Nisije nikakosea.

Theluji alisogeza kikombe pembeni.

– Refu. Hapo hakuna mjadala. Baridi ni kama maji, inakaa chini. Kule ghalani ilikuwa inaanza na vidole vya miguu, inapanda. Ikifika magotini, umekwisha.

– Acha fiksi, Profesa alisema. Baridi inaingilia mgongoni, kwenye uti. Nimesoma. Hili fupi linabana uti, joto halitoki. Halafu hilo refu atalikanyaga aanguke. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

– Wahenga walikuwa wanazungumzia makoti?

– Walikuwa wanazungumzia kila kitu.

Mkonge ndiye aliyekumbuka kuuliza mwili wa Paulina ukoje. Valerian akatoa kwenye kikapu gauni la kanisani, alilolichukua sandukuni bila kumwambia mwenyewe. Lilikuwa pana kiunoni, mikono imejaa. Paulina wa gauni lile alikuwa akijitwika mkungu wa ndizi kutoka shambani hadi barabarani, njia nzima akiimba. Mkonge alilitandaza juu ya koti refu. Likakaa sawasawa.

– Si mnaona? Hili ndilo lake.

– Hilo gauni ni la zamani, Valerian alisema taratibu. Amepungua.

– Atarudi! Haba na haba hujaza kibaba. Mchukulie pana, mwili utalifuata. Mwili ukiona nguo kubwa unaona haya, unajaza. Mimi mama yangu alininunulia viatu vikubwa. Si mnauona urefu huu?

– Uongo mtupu, Profesa alisema. Mvishe la kubana. Ugonjwa ukibanwa unakosa pa kukaa, unatoka.

– Unatokea wapi?

– Ugonjwa haukosi njia, mwanangu.

Theluji aliona amepokonywa baridi yake.

– Nyie hamjui. Nchi za barafu wanapima koti kwa kina cha theluji. Sisi tupime kwa ukungu. Mzee, ukungu wa Bungu unafika wapi?

– Unafunika nyumba.

– Basi hata hili refu ni fupi!

Walicheka. Valerian alijaribu kucheka nao, mdomo ukakataa.

– Sikilizeni, Profesa alisema. Mume na mke wakikaa sana wanafanana miili. Wewe vaa, tupime kwako.

Kabla hajakataa walikuwa wamemvika lile refu, katika joto lile la Korogwe. Inua mikono, walisema, akainua. Geuka, akageuka. Konda mmoja stendini akapiga kelele kwamba huyo dubu apandishwe nyuma na mizigo. Valerian alisimama kati ya vicheko, harufu ya mtu asiyemjua ikimpanda puani, macho yakimwasha kwa jasho na kwa kisichokuwa jasho.

Hapo ndipo aliposogea mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Mkata, kikombe cha kahawa mkononi. Jina lake Getruda.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama.

– Samahani, nimewasikia. Huyo mgonjwa anasimama?

Theluji alikivuta tena kikombe chake. Profesa alitazama viatu vyake. Magoti, vifundo na viuno walivyobishania, vyote vilitaka mtu aliyesimama. Valerian alivua koti, mkono mmoja, kisha wa pili.

– Alisimama Pasaka, alisema. Alikuwa ameshika mlango.

– Na kukaa, baba?

Valerian alililaza koti benchini, juu ya lile jeusi. Mzee Simeo aliinamisha birika, likatoa machicha.

– Imekwisha, alisema. Hakuna aliyemwomba achemshe nyingine. Mkonge alilikunja gauni vizuri, pindo juu ya pindo, akalirudisha kikapuni. Valerian alimrudishia Bernardo lile fupi, akalilipia refu, akapanda nalo mlimani.

Bungu ilikuwa imezama kwenye ukungu alipofika. Shemeji yake, Loyce, alikuwa akikoroga uji jikoni. Chumbani, Paulina alikuwa amelala akitazama ukuta. Valerian alijaribu kumvalisha, lakini mkono wa mkewe uligoma kukunjika, naye akaogopa kuulazimisha. Akamfunika tu, manyoya yakiwa upande wa mwili. Koti lilimfunika kutoka shingoni hadi nyayoni, na kando likabaki jingi.

– Kubwa, Paulina alisema.

– Nilirudishe?

– Usilirudishe. Ingia.

Tangu maumivu yazidi, Valerian alikuwa akilala mkekani, akisema anaogopa kumuumiza. Alivua viatu, akaingia chini ya manyoya, akamzungushia mkono. Mkono ukamzunguka mwili mzima, ukarudi kumgusa yeye mwenyewe kifuani. Alilivuta koti hadi mabegani mwao. Paulina alikuwa bado anatetemeka.

– Bado baridi?

– Bado, alisema. Lakini kaa.